Vyombo Vilivyotundikwa Ukutani

Masomo ya juma hili: Ezra 1:7–11, Yeremia 29:4–7, Yoshua 4:1–9, Matendo ya Mitume 9:36–42



Sura ya kwanza ya kitabu cha Ezra ina orodha ambayo wengi wetu tukiifikia tunairuka. Koreshi mfalme wa Uajemi amewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu, na kabla watu hawajahesabiwa, vinahesabiwa vyombo: sahani 30 za dhahabu, sahani 1,000 za fedha, visu 29, mabakuli 30 ya dhahabu, mengine 410 ya fedha, na vinginevyo 1,000. Mithredathi mtunza hazina anavitoa na kumkabidhi Sheshbaza mkuu wa Yuda, na mwandishi anaifunga hesabu yake kwa jumla ya vyombo 5,400.

Vilikuwa vyombo vya kazi hivi. Vilibeba unga wa sadaka, vilikinga damu, vilikatia nyama. Nebukadneza alipoviteka alivipeleka Babeli akaviweka katika nyumba ya miungu yake, vikakaa huko kama nyara. Usiku mmoja, kitabu cha Danieli kinatuambia, Belshaza aliagiza viletwe karamuni akanywea divai pamoja na wakuu wake elfu moja. Kisha vikarudishwa kwa watu waliojua kazi yake. Bakuli lilikuwa lilelile siku zote hizo. Hifadhini lilikuwa nyara, karamuni likawa majivuno, Yerusalemu likawa tena bakuli la ibada.

Nimekuwa nikiisoma orodha hiyo juma zima kwa sababu ya kuta za nyumba zenu.

Kazi yangu hapa Minnesota inanipitisha katika sebule nyingi, za Watanzania, za Wakenya, za Wakongo, za Warundi. Nikishakaribishwa kiti na chai ikiwa jikoni, macho yangu huenda ukutani. Nakuta ungo umetundikwa juu ya televisheni. Kikapu cha milulu kimevishwa chungu cha maua. Kawa zimepangwa safu moja kutoka mlangoni hadi dirishani. Kibuyu kimetobolewa matundu na kutiwa taa ya umeme ndani, usiku kinarusha nyota dari nzima. Kinu kimefunikwa kioo, kimekuwa meza ya kuwekea simu na funguo. Mkeka wa ukindu, ule wa kulalia wageni, umebanwa kwenye fremu kama picha. Wengine huona haya wakinikuta nikitazama, hasa wazee, kwa kuwa walikozaliwa ungo hukaa jikoni na mtu mwenye akili hawezi kuutundika mahali pa kupokelea wageni. Nataka kusema nao leo, na kusema na wengine wote.

Naanza na nyumba ambazo hazina kitu ukutani, kwa sababu hizo ndizo zinazonihuzunisha zaidi. Zipo nyingi kuliko mnavyodhani. Familia imekaa nyumba ileile miaka na miaka, watoto wamezaliwa humo na kuanza shule, na kuta bado ni nyeupe kama siku walipokabidhiwa funguo. Picha ya arusi iko ndani ya sanduku. Khanga za mama zimefungwa kwa gundi ya karatasi kwenye boksi, boksi liko chini ya kitanda. Ukiuliza unaambiwa, tutapamba nyumbani kwetu, tunajenga. Na kweli wanajenga. Wanatuma fedha za saruji, wanachagua vigae kwa picha za simu, wanajua rangi ya pazia la chumba ambacho hawajawahi kukanyaga. Huku wanakolala kila usiku wanaishi kama watu wanaongoja basi.

Watu wa Yuda walipopelekwa Babeli walikuwa na nabii aliyewafurahisha. Hanania mwana wa Azuri alitangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vyote vya nyumba ya Bwana vitarudi, na watu nao. Vyombo vilevile vya orodha yetu. Miaka miwili tu! Nimeisikia miaka miwili hiyo katika sebule nyingi. Yeremia akawaandikia barua ya namna nyingine: jengeni nyumba mkae humo, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuozesha, uombeeni amani mji mliomo, maana amani yake ndiyo amani yenu. Aliwaambia itachukua miaka 70. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Aliwakataza kuyaweka maisha yao kwenye maboksi.

Kwa hiyo mtu anayepigilia msumari na kutundika ungo wa mama yake, mimi namhesabu kuwa mtii wa barua ile. Amekubali kwamba hapa ndipo anapoishi sasa, na amekataa kuishi hapa kama mtu asiyetoka popote. Mambo hayo mawili ni magumu kuyashika kwa pamoja, na ungo pale juu ya televisheni unayashika.

Wala Mungu wetu hajakataza kitu cha matumizi kugeuzwa kitu cha kutazamwa. Yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Katika Kutoka 16, Musa anaambiwa pishi moja ya mana iwekwe kwenye chombo na kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Mana ilikuwa chakula, tena chakula ambacho kikilala kinaoza. Lakini pishi hiyo moja iliondolewa mezani ili wajukuu waone mkate uliowalisha babu zao jangwani. Na kule Yordani, watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waliokota mawe katikati ya mto mahali makuhani waliposimama, wakayabeba mabegani mpaka Gilgali.

Hapo Gilgali ndipo penye neno la juma hili. Mawe yale hayakuchongwa wala kuandikwa chochote. Mgeni angepita pale na kuona mawe ya mtoni yaliyorundikwa. Yoshua alijua hivyo, ndiyo maana hakumaliza agizo lake kwenye mawe. Alisema itakuja siku watoto watauliza maana yake, na akawapa wazazi jibu la kutoa. Agizo lilikuwa na sehemu mbili: weka jiwe, na uwe tayari kujibu. Ukiweka jiwe bila jibu umeongeza tu mzigo sebuleni.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokiona katika Maandiko kwa ajili ya kuta zetu. Mtoto akiuliza, kuna wa kumjibu? Nimewauliza watoto wa shule ya Jumapili kuhusu vitu vilivyo kwao. Walivielezea vizuri, rangi, umbo, mahali kilipotundikwa. Tulipofika kwenye kazi ya kitu hicho na nani alikitengeneza, wengi walinyamaza na kunitazama. Watoto wetu ni werevu na wanapenda kujua. Hatujawaambia.

Niruhusuni nieleze nyumba moja kwa urefu, kwa idhini ya mwenye nyumba.

Mama huyu ametoka Tanga, na juu ya rafu yake ya vitabu kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Wanaoijua hawahitaji maelezo. Kwa ajili ya wanaosoma nasi kutoka bara, ni kiti kifupi cha mbao kinachokunjika, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji hukikalia, akashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye meno yale. Mbuzi hiyo ilikuwa ya mama yake mzazi. Alikuja nayo kwenye begi la kilo 23 akaacha viatu. Lakini tui hapa tunanunua la kopo, kwa hiyo mbuzi ilikaa rafuni imepakwa vanishi, inang'aa, na mwanawe wa miaka tisa alikuwa akiwaambia rafiki zake ni kiti cha bibi.

Jumamosi moja mama alirudi na nazi kavu kutoka duka la Waasia. Akaitoa mbuzi rafuni, akatandika gazeti sakafuni, akaweka sinia chini ya ule ulimi, akamwita kijana. Nazi ikapasuliwa, maji yake akanywa mtoto. Akamwonyesha jinsi ya kukaa, jinsi ya kuzungusha kifuu pole pole bila kufika kwenye ganda, maana ukifika kwenye ganda machicha yanakuwa meusi. Kijana akakuna. Alijiparuza kidole, akafungwa kitambaa, akaendelea. Halafu akasimama na kuuliza jambo ambalo mama mwenyewe hakuwahi kulitazama: mbona meno ya upande huu yamekwisha na ya upande huu bado makali?

Bibi alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Miaka yote ile ya kuamka kabla ya alfajiri kukuna nazi za vitumbua, vitumbua vya kuuza kituo cha basi, vitumbua vilivyomlipia binti yake ada mpaka akafika chuo, mkono wake ulikuwa umelemea upande mmoja, na chuma kililika kwa kuufuata. Kijana naye anatumia mkono wa kushoto. Darasani kwake yuko peke yake, na nyumbani alikuwa hajui amerithi kwa nani. Wali ulipikwa kwa tui lile, na nilialikwa kula Jumapili yake. Mbuzi imerudi rafuni. Sasa ina mtu wa kuieleza, naye hangoji umuulize, anakufuata nayo.

Angalieni kilichotokea. Habari ya bibi ilikuwa imo ndani ya chuma muda wote, na vanishi haikuweza kuitoa. Ilitoka mkono ulipokirudia kitu kazini. Ndiyo maana nawasihi msiridhike na kutundika. Ungo ushusheni, muupepetee mchele hata kama mchele wa dukani hauna pumba. Mtoto aone jinsi punje zinavyoruka na kurudi mahali pake, na jinsi mawe yanavyojitenga. Mkeka utandikeni sakafuni siku ya mgeni. Kawa ifunikeni chakula kweli. Kikapu kiende sokoni siku moja katika mwezi. Chombo cha kazi kikipumzika moja kwa moja kinapoteza ushuhuda wake, na sisi tunapoteza mikono iliyokijua.

Sasa nizungumzie watengenezaji, maana hapa tunamkosea Mungu bila kufikiri. Katika Kutoka 31, Bwana anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza Roho wa Mungu. Amjaze Roho afanye nini? Achonge mbao, afue dhahabu, akate vito. Anatajwa na msaidizi wake, Oholiabu wa kabila la Dani. Sura chache mbele wanatajwa wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao na kuzileta. Hema ya kukutania ilikuwa na majina. Na kule Yafa, Dorkasi alipofariki, wajane hawakumwandalia Petro hotuba. Walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Nguo za kila siku. Waliziinua juu na kumtaja mshonaji, na Petro akapiga magoti.

Je, sisi tunaweza kumtaja aliyesuka kikapu chetu? Sinodi ya Saint Paul hapa na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wana ushirika wa tangu miaka ya 1980, ule tunaouita Bega kwa Bega, na kwa sababu hiyo vikapu vya Iringa vimejaa katika nyumba za mji huu, kwetu na kwa Wamarekani. Ni kazi ya akina mama wa Kihehe. Wanakwenda mabondeni penye maji kukata milulu, wanaianika juani mpaka rangi ya kijani iwe ya dhahabu, kisha wanakaa kusuka baada ya shamba na jikoni, kwa kuwa shamba na jikoni havingoji. Ukikinunua kikapu kipya, pua yako itakijua kabla ya macho: kina harufu ya majani makavu inayodumu muda mrefu. Nimewahi kumwona mtu mzima ameinamisha uso ndani ya kikapu hapa katikati ya Januari, nje theluji imefika kwenye madirisha, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini.

Lakini mama yule wa bondeni tunamtendeaje? Tukiwa likizo tunapita sokoni, anataja bei yake, tunamkata mpaka nusu, na jioni tunawasimulia ndugu jinsi tulivyombana. Tukirudi huku tunaingia dukani, tunakuta kikapu kama kilekile kwa bei mara nyingi zaidi, tunatoa kadi na kulipa bila neno. Tunambana maskini na kumheshimu tajiri. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe ujira wake siku hiyohiyo, jua lisichwe kabla, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia huo. Sioni jinsi tunavyoweza kuipokea sheria hiyo na kuendelea kujisifia kikapu cha nusu bei. Mlipeni alichotaja. Muulizeni jina, liandikeni kwenye karatasi, karatasi muiweke ndani ya kikapu. Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambapo watu wenye ulemavu, wengi wao wasiosikia, wanasuka, wanashona na kutengeneza karatasi kwa mikono. Mtu aliyekuwa akihesabiwa mzigo nyumbani kwao akawa fundi anayelipwa. Kununua mahali kama pale ni sehemu ya ibada yetu. Ndugu zetu Wanyarwanda wanajua jambo hili kwa kina kuliko sisi: agaseke, kikapu chao chenye kifuniko cha ncha, kimo katika nembo ya taifa lao, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wajane wa waliouawa na wake za waliofungwa kwa kuua walikaa pamoja wakisuka vikapu hivyo. Aliye na agaseke kwenye rafu asiiweke kama kopo la kalamu bila kumweleza mwanawe habari hiyo.

Nikiwaambia mshushe vitu ukutani, nina nyumba moja ambayo siiambii hivyo. Ni ya mama kutoka Kivu ya Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa na mtoto mgongoni, akaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Wengi waliokuja kwa njia hiyo mnaukumbuka ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, wenye karatasi na picha za eksirei, mlioamriwa usitoke mkononi. Hakuwa na kilo 23 za kuchagua. Sebuleni kwake kuna kitenge kimoja kilichopauka, nyuma ya kioo. Kitenge hicho ndicho kilichombeba mtoto siku ile. Mtoto hakufika mbali.

Zaburi ya 137 inatuonyesha watu waliokaa kando ya mito ya Babeli na kutundika vinubi vyao juu ya miti, kwa sababu waliowateka walitaka wawaimbie. Vinubi ni vya kupigwa. Waliviacha vinaning'inia na Mungu hakuwakemea, akairuhusu zaburi hiyo iingie katika kitabu cha sifa. Kuna kitu kilichotundikwa kwa sababu mwenyewe bado hawezi kukigusa. Tukiingia katika nyumba kama hiyo tusisifie rangi za kitenge, wala tusiulize kimenunuliwa wapi. Tukae. Akitaka kusema atasema.

Kuna neno jingine nalisikia likisemwa chini chini, na sitaliacha. Baadhi yenu mmeambiwa kwamba ungo na kibuyu ni vyombo vya wachawi, na kwamba Mkristo akivitundika anafungua mlango kwa mapepo. Wapo waliovitupa vya wazazi wao kwenye pipa la taka kwa hofu hiyo. Wapendwa, ungo ulipepeta mchele uliowakuza. Kibuyu kiliwapa maziwa. Uchawi ni dhambi ya moyo wa mtu na mti uliokatwa shambani hauna hatia nao. Kama mtu alikabidhiwa kitu akiambiwa kinamlinda, hicho na akiteketeze, atakuwa amefanya alivyofanya mfalme Hezekia alipoivunja nyoka ya shaba. Nyoka ile aliitengeneza Musa kwa agizo la Mungu na iliponya watu jangwani, lakini vizazi vya baadaye vilianza kuifukizia uvumba. Hezekia hakuogopa asili yake njema. Aliangalia wanaifanyia nini sasa.

Na onyo hilo la Hezekia linatuhusu pia sisi tusioamini hirizi. Nyumbani kunaweza kuwa mungu. Nimeona baba aliyeijaza sebule vitu vya kijijini mpaka watoto hawana mahali pa kuweka vya kwao, na kila kombe la mpira au mchoro wa shuleni unaambiwa uende chumbani. Watoto hao wana haki ya ukuta. Mchoro wa theluji aliochora binti yako ukae karibu na ungo wa bibi yake, kwa maana wote wawili ni watu wa nyumba hiyo, na Yeremia aliagiza watoto wazae na kuongezeka hukohuko walikopelekwa.

Machache ya utunzaji, maana mmekuwa mkiniuliza. Hewa ya nyumba zetu wakati wa baridi hukaushwa sana na kipasha joto, na vyombo vyetu vilizaliwa penye unyevu. Kinu kisikae karibu na tundu la hewa ya moto, kitapasuka kwa urefu. Kipakeni mafuta ya kula kidogo ndani na nje kabla baridi haijaanza. Kikapu cha milulu kikianza kukatika kingo, kipulizieni maji kidogo, kinyoosheni kwa mkono, kikauke kivulini. Mnaporudi kutoka likizo, kung'uteni kila kitu vizuri na mkitangaze uwanja wa ndege. Mbegu iliyobaki ndani ya kibuyu au ngozi mbichi ya ngoma huchukuliwa na wakaguzi, na haistahili kumdanganya mtu kwa ajili ya pambo.

Ibada yetu ya mavuno inakaribia. Mwaka huu naomba matoleo yasiletwe kwa mifuko ya plastiki. Shusheni vyombo vilivyoko ukutani mje navyo: mchele kwenye ungo, mahindi kwenye kikapu, mikate kwenye kawa iliyopinduliwa, maziwa kwenye kibuyu kwa ambaye chake hakijatobolewa. Mnada utafuata baada ya ibada kama ilivyo kwenye sharika zetu nyumbani, na tutakachonadi ni matoleo, vyombo mtarudi navyo. Kabla ya mnada kila aliyeleta chombo atasimama, pamoja na mtoto kama anaye, na kutaja jina la aliyekitengeneza au aliyekitumia. Asiyelijua jina apige simu juma hili. Majira haya Tanzania na Kenya wametutangulia kwa saa nane, kwa hiyo pigeni asubuhi, kabla wazee hawajalala.